Kitenge Nilichosema Ni cha Shangazi

Kitenge kipya kina harufu yake, na harufu hiyo siipendi hadi leo. Ni harufu ya nta na rangi na karatasi iliyokaa ndani ya boksi, na kwa wengine ndiyo harufu yenyewe ya sherehe, nawaona wanakipeleka puani kabla hata hawajauliza bei. Mimi wajukuu wakiniletea sare ya harusi naitundika kwenye kamba uani siku mbili nzima, jua liichome, upepo uipige, ndipo naivaa. Wananicheka. Wanasema bibi anaanika nguo kavu. Nawaacha wacheke, maana nikianza kuwaeleza itabidi niwaeleze habari ya zizi la baba yangu, na viatu vyekundu, na dada yangu Kabula, na hiyo si habari ya kueleza huku watu wamevaa wanasubiri gari. Leo hakuna gari linalonisubiri.

Kwetu ni kijijini, ukitoka Kharumwa ni mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu, siku zile hakuna pikipiki. Tulilima pamba na viazi, tukachunga, na upande wa machweo kulikuwa na mashimo ya dhahabu ambako wanaume walikwenda na kurudi, wengine na pesa, wengine na kikohozi. Nilikuwa na miaka kumi, au kumi na mmoja, mama alihesabu kwa mvua na mvua mbili alizichanganya. Ilikuwa ile miaka ya maduka matupu. Duka la kijiji lilikuwa na kaunta, mizani na muuzaji anayesinzia, basi. Sabuni ikija mnapanga foleni tangu jogoo wa kwanza, nayo inaisha mbele ya macho yako. Tulifua kwa majani ya mpapai, na usiwaamini wanaosema yalitakatisha kama sabuni, yalitakatisha kama majani ya mpapai. Viatu sikuwa navyo. Baba na mama walikuwa na katambuga za tairi, sisi watoto tulikuwa na nyayo zetu, na wakati wa kiangazi nyayo zangu zilipasuka kisigino chote hadi mchanga ukiingia nalia. Kitenge kilichokuwa kitenge kilitoka Zaire kwa njia za magendo, na mwanamke akikivaa watu walihesabu mumewe ana nini na amekipata wapi. Haya nayasema mapema ili ujue nguo moja ilikuwa na uzito gani, usije ukasema watu wazima walipigania kitambaa.

Kabula ndiye aliyekuwa mkubwa wetu. Alikuwa amefika kama miaka kumi na minane, mrefu, ana sauti ya kucheka ambayo ukiwa shambani kwa jirani unaisikia. Shule aliimaliza pale la saba. Mimi niliacha la nne, nikachunga ndama, ndiyo maana mwandiko wangu ni huu mnaouona. Yeye alitaka cherehani. Mama mdogo wetu alikuwa Kahama, ana cherehani cha kukanyaga kwa mguu, na walikuwa wamekubaliana kwamba pamba ikishauzwa Kabula aende akajifunze. Alikuwa ameanza hata kukusanya vishikizo vya mashati mabovu ndani ya kopo. Watu walioona umbo lake walishaanza kupita pita nyumbani, wanauliza habari za ng'ombe ambao hatukuwa nao, maana ng'ombe wetu wengi walikuwa wamekufa kwa ndigana, homa ya kupe, msimu uliotangulia na zizi lilikuwa limebaki na ndama wanne na harufu. Kabula akaogopa. Binti wa jirani alikuwa amepelekwa kwa mume huku analia, na Kabula alikaa siku mbili hali chakula kwa kumuwazia. Baba akamwita mbele ya mama na mbele yangu. Akamwambia, "Wewe sitakupeleka kwa mtu yeyote mpaka nisikie neno kutoka kinywani mwako mwenyewe. Mama yako shahidi, na huyu Minza shahidi." Kabula akala usiku ule viazi sufuria nzima. Mimi nilijisikia mkubwa sana kuwa shahidi.

Baba yangu alikuwa mtu wa maneno matamu, nisimseme vibaya kuliko alivyokuwa. Akikusalimia asubuhi, ile "mwangaluka" yake unatembea nayo hadi mchana. Hakutupiga. Ndiyo maana tulimwamini, na ndiyo maana nikimkumbuka naumia, kwa sababu baba mkali angalau unajikinga.

Sasa kulikuwa na mwalimu, jina lake Anselmi, mtu wa kuja, kijana mwembamba anayependa vitabu na ambaye hajui kulima. Alikusanya vijana wa kijiji wafanye mchezo wa kuigiza siku ya wazazi pale shuleni. Alituambia mchezo wenyewe ni wa kale sana, wa huko ng'ambo, umeigizwa miaka mamia na watu wa lugha hii na ile, kila mahali wakibadilisha majina tu. Kuna baba mchoyo ana binti. Anakuja mchumba mzee, amevaa vizuri, na baba anampa binti kama anayeuza gunia. Binti analia. Halafu kuna mtumishi mdogo wa nyumba ile, mjanja, anamfichua mzee kuwa tapeli, na binti anapona. Tuliposikia hivyo tulishangaa, maana sisi tulidhani kuoza mtu kwa mali ni mambo ya Wasukuma peke yetu. Mwalimu akacheka, akasema Wazungu wa zamani waliandikishana kwa wino mali ya binti, mashamba na vijiko vya fedha, kisha ndipo wakamwita binti mwenyewe wamwonyeshe bwana. "Ninyi angalau mnakwenda kumtazama ng'ombe machoni," akasema.

Kabula akapewa kuwa binti. Mimi, kwa sababu nilikuwa mfupi na mdomo hausimami, nikapewa kuwa mtumishi mjanja. Hakuna siku niliyofurahi kama ile. Nilikuwa na maneno machache tu lakini yalikuwa ya mwisho. Washenga wamekaa, binti ameshapokea zawadi ya posa, baba mchoyo anasugua mikono, na mimi naingia mlangoni napiga kelele, "Simameni! Zawadi hiyo ina uongo ndani yake!" Kisha namwaga mfuko wa mzee, na badala ya dhahabu zinatoka kokoto. Ng'ombe wa mahari niliwafinyanga mimi mwenyewe kwa udongo wa bondeni, wenye mapembe, wenye nundu, wengine nikawapaka majivu wawe na madoa. Na mlango wa jukwaa ulikuwa gunia la pamba, lile lililokuwa pazia la mlango wa nyumba yetu, baba alituazima. Lilikuwa fupi, halifiki chini. Kumbuka gunia hilo.

Ilibaki kitu kimoja, zawadi ya posa. Kwetu siku zile mchumba hupeleka nguo, na binti akiipokea mbele ya watu na kuivaa, amekubali. Asipotaka, anairudisha hivyo hivyo imekunjwa, na hapo hakuna ugomvi wala lawama, wageni wanabeba nguo yao wanaondoka. Mwalimu alisema tutatumia kanga kuukuu ya mama. Nilikwenda kumwambia baba habari hiyo, najisifu, na nadhani ndipo alipopata wazo. Sina hakika. Huenda alikuwa nalo tangu alipotuazima gunia.

Alasiri moja nilikuwa nazoa samadi kavu zizini, akaja mgeni na baba. Ni mtu mzima, kichwa kina mvi pembeni, ana kofia ya kitambaa na suruali iliyopigwa pasi hadi ina mstari. Nilimsikia baba akimwita Mzee Malale. Alikuwa mnunuzi wa dhahabu Nyarugusu, kwenye mfuko wa shati alikuwa na mizani ndogo inayokunjwa, na alikuwa na tabia ya kuigusa gusa kama mtu anayepima moyo wake unadunda. Wake alikuwa nao wawili. Akafungua gazeti juu ya boriti ya zizi, na ndani kulikuwa na kitenge cha njano chenye ndege wa bluu, mikia mirefu kama ya jogoo. Baba akakiinua, akakipeleka puani, akafumba macho. Ile harufu ikanifikia hata mimi juu ya samadi. Kisha akaniona.

"Minza, ng'wanone, mwanangu, umeona nini?"

"Nimeona kitenge, baba."

"Kimetoka wapi?"

"Kwa huyu mzee."

Baba akamtazama mgeni, akacheka. "Mtoto wangu ana macho, bado hajafundishwa kuyatumia." Akachuchumaa mbele yangu, akanifuta vumbi usoni kwa kiganja chake, polepole. "Hiki kimetoka kwa shangazi yako wa Shinyanga mjini, kwa ajili ya mchezo wenu. Haya, kimetoka wapi?"

"Kwa shangazi."

"Nani kakileta?"

"Shangazi wa Shinyanga."

"Huyu ana akili, atafika mbali," akasema Mzee Malale, na kutoka chini ya gazeti lile lile akatoa viatu vya plastiki, vyekundu, vina kifungo pembeni cha kung'aa kama macho ya paka. Vilikuwa vya kwangu. Vilikuwa vikubwa kidole kimoja, na vilinibana mahali pengine, lakini mchanga haukuingia kisiginoni.

Sitaki kudanganya kwamba sikuelewa kitu. Mtoto wa miaka kumi anaelewa kwamba akiambiwa aseme jambo ambalo siyo, kuna mtu halitakiwi limfikie jinsi lilivyo. Nilijua mtu huyo ni Kabula. Sikujua uongo huo ungekuwa wa ukubwa gani, nami sikuuliza, nilikuwa naangalia miguu yangu. Nikampelekea kitenge. Akakifunua, akapiga kelele, akajifunga kifuani, akazunguka.

"Kwa shangazi? Shangazi yule aliyetuletea pipi moja tukaimung'unya kwa zamu?"

"Huyo huyo."

"Ametajirika lini?" Akatazama chini. "Na hivyo viatu?"

"Navyo shangazi."

"Eh, basi Mungu amemgusa," akasema, akanibeba akanizungusha naye, na ndege wa bluu wakatuzunguka wote wawili.

Katika mchezo, binti alitakiwa mwishoni amtupie mzee nguo yake miguuni. Siku mbili kabla ya kuigiza baba akaenda kwa mwalimu. Akamwambia kitenge cha dada yake kitachafuka vumbini, nguo zenyewe mnajua zilivyo adimu, heri binti akitie tu begani aondoke nacho kwa furaha, watu watacheka vile vile. Mwalimu Anselmi akaona ni kweli. Alikuwa mtu wa vitabu, hakuona kitu. Hivyo mchezo wa kale wa watu wa ng'ambo, ulioigizwa miaka mamia, ulibadilishwa mwisho wake kijijini kwetu na baba yangu, ambaye hakujua kusoma.

Siku yenyewe uwanja ulijaa. Baba alikaa mstari wa mbele kwenye kiti cha kukunja, na pembeni yake Mzee Malale, ambaye watu waliambiwa ni mnunuzi wa karanga. Baba mchoyo wa mchezo alipoanza kukagua ng'ombe wangu wa udongo, baba yangu wa kweli alicheka kuliko wote, akawa anapiga kelele kutoka kwenye kiti, "Huyo ana pembe moja, mrudishe! Huyo mzee, maziwa yamekwisha, mrudishe!" Watu wakashika mbavu. Kabula akaulizwa na washenga wa kuigiza, "Binti, unawajua wageni hawa?" akajibu kama alivyofundishwa, "Nawajua." Akapokea kitenge kwa mikono miwili, akapiga goti. Mzee Malale akagusa mizani yake. Mimi nilikuwa nyuma ya gunia nasubiri zamu yangu, na gunia lilivyo fupi viatu vyangu vikaonekana, mama mmoja akapaza sauti, "Viatu vimefika, mwenyewe yuko wapi?" Kijiji kizima kikaangua kicheko, mimi nikaingia na maneno yangu, nikamwaga kokoto, nikashangiliwa mpaka nikasahau kuinama. Kabula akatia kitenge begani akaondoka anacheka.

Alikivaa mwezi mzima. Alikivaa kanisani, alikivaa mnadani, alikivaa kisimani ambako hakuna haja ya kuvaa kitu cha maana. Mama aliwahi kumwambia akiweke kisichuje, baba akasema mwache mtoto ajidai. Kijiji kizima kilimwona.

Pamba ikauzwa. Siku tatu kabla ya Kabula kupanda lori la kwenda Kahama, wakaja wanaume watano wamevaa makoti. Baba akawapokea kama watu aliowangoja. Gunia lilikuwa limesharudi mlangoni petu. Wakaingia ndani, mama akaitwa, Kabula akaitwa, mimi nikaambiwa nitoke. Nikatoka, nikasimama nyuma ya gunia, kama nilivyozoea.

Mshenga wao mkubwa alikuwa mzee mwenye sauti ya upole. Akamuuliza Kabula, "Binti, unawajua wageni hawa?" Nikasikia Kabula akicheka kidogo, alidhani ni utani wa mchezo. Kisha akawatazama mmoja mmoja. Akasema, "Siwajui."

"Unamvalia nani kitenge hiki?" akauliza mshenga, maana alikuwa nacho mwilini.

"Hiki ni cha shangazi."

"Kitenge hiki ni cha Malale. Ulikipokea mbele ya watu siku ya mchezo, na yeye mwenyewe alikuwa amekaa pale. Umekivaa mwezi. Kama hukutaka, ungekirudisha."

Kabula akamgeukia baba. Nilikuwa naona kupitia nyuzi za gunia, nyuzi za gunia la pamba zina matundu. Akasema, "Baba, uliniambia utasikia kinywa changu." Baba akajibu kwa ile sauti yake nzuri, haina hata mkwaruzo, "Mwanangu, si nimekisikia? Uliulizwa ukasema unawajua. Kijiji kizima kilisikia." Mama akafunika uso kwa upande wa kanga. Sikusikia neno lake siku ile, wala siku nyingine juu ya jambo hilo.

Yule mshenga, Mungu amlaze pema, hakuwa mtu mbaya. Akasema, "Ngoja. Kama binti alidanganywa, hapo hakuna posa. Sisi tutakunja nguo yetu na kuondoka. Nani alikwambia ni cha shangazi?"

"Minza. Mdogo wangu. Mwiteni Minza, mwulizeni."

Ilikuwa hatua moja. Maneno nilikuwa nayo, nilikuwa nimeyafanya mazoezi wiki sita, simameni, zawadi hiyo ina uongo ndani yake. Baba akasema, bila kugeuka, "Minza hayupo. Amekwenda kisimani." Kabula akatazama mlango. Alitazama mlango muda mrefu, na macho yake yalikuwa chini, kama mtu aliyeona kitu sakafuni. Nami nikachukua ndoo nikaenda kisimani, ili baba asiwe mwongo.

Nilikaa huko hadi jua likawa jekundu. Niliporudi walikuwa nje wanazungumza ng'ombe, na baba anasema, kwa maneno yale yale na kicheko kile kile, kwamba mwenye pembe moja hamtaki. Waliletwa juma lililofuata, kundi zima, wanono, vumbi lao likaingia hadi jikoni. Pakachinjwa. Mwalimu Anselmi naye alikuja, akakaa mbali, akatazama chini, lakini nyama aliila. Kabula aliondoka na kopo lake la vishikizo na hakuniaga. Nilidhani ni kwa sababu ya machozi.

Nyarugusu alikaa miaka mingi, mke wa tatu. Mzee Malale alikuwa na pesa mpaka siku maji yalipoingia kwenye maduara yake mawili, mashimo ya kuchimbia dhahabu, kisha akawa na madeni, kisha akawa hayupo, ilisemekana amevuka kwenda Burundi. Kabula akaponda mawe na kuosha mchanga wa dhahabu mwaloni, zebaki mikononi, mtoto mgongoni. Aliporudi kwetu alikuwa na watoto watatu, na ile sauti ya kucheka hakurudi nayo. Baba alikuwa amekwisha kufa, na ng'ombe nao walikuwa wamekwisha, wengine ndigana ile ile, wengine ulevi. Viatu vyangu vilipasuka msimu wa pili. Mimi na Kabula tukajenga jirani. Tunaazimana chumvi. Tumezikiana waume. Na habari ya kitenge hatukuwahi kuigusa, mimi nikijiambia hajui kwamba nilijua, kwamba kwake mimi ni mtoto aliyedanganywa kama yeye alivyodanganywa.

Juzi, mwezi uliopita tu, ilikuwa posa ya mjukuu wake, Neema. Neema ni mtu mzima, ana kibanda cha kutuma pesa kwa simu pale Segese, huenda na kurudi kwa pikipiki mpya, na kijana wake ana karasha la kusagia mawe ya dhahabu. Mambo ya siku hizi mnayajua. Turubai, viti vimevalishwa magauni, mpiga picha, mtu wa kipaza sauti anayewachekesha watu kwa malipo. Ng'ombe hawakuja hata mmoja, waligeuzwa hesabu kwenye simu na mtu mmoja akabofya, na kila upande ukasema "imeingia". Habari ya ng'ombe kutazamwa machoni haipo tena. Sote tumevaa sare, vitenge vipya, na harufu imejaa hadi sebuleni walipokaa washenga, mimi yangu pekee ndiyo inanuka jua. Sikuweza kukaa ndani. Nikatoka, nikamkuta Kabula kwenye benchi nyuma ya nyumba, naye hakuweza.

Tukakaa. Ndani washenga wanazungumza. Nikasema, ili niseme kitu, "Siku hizi ni biashara wazi wazi. Heri zamani kulikuwa na heshima."

Kabula akanitazama kama mtu aliyemsikia mgonjwa anapayuka. Akasema, "Minza, niliviona viatu vyako."

Nikageukia upande wa turubai.

"Chini ya gunia. Vyekundu. Baba alisema uko kisimani, na mimi naviona viatu. Nikasema moyoni, sasa ataingia. Nilingoja uingie kama kwenye mchezo. Halafu vikaondoka." Alikuwa anakunja na kukunjua upindo wa sare yake. "Kusema ni cha shangazi nilikusamehe siku ile ile. Ulikuwa mtoto, miguu imepasuka, nani asingesema? Lakini vile viatu nilivitazama vikigeuka."

Kuna mambo ambayo umeyabeba ukidhani ni siri yako, kumbe mwenzako ndiye aliyekuwa akikutunzia. Nilitaka kumwambia nilikuwa naogopa baba. Siyo kweli, baba hakuwa wa kuogopwa. Niliogopa kuvuliwa viatu. Ndivyo ilivyokuwa, hakuna jinsi nyingine ya kuisema. Baba alimuuza kwa kundi la ng'ombe, mimi kwa jozi ya plastiki, na bei ya rahisi ndiyo mbaya zaidi.

Nikasimama. Magoti yangu hayasimami siku hizi bila kupiga kelele. Nikaingia kwa mlango wa nyuma, nikapita katikati ya watu na kamera, na mtu wa kipaza sauti akasema, "Bibi ameamua kuja kudai chake!" Wakacheka. Nikamfikia Neema, nikamuuliza mbele ya wote, kwa sauti, "Neema, ile pikipiki unayoendesha kakupa nani?"

Mama yake akanivuta nguo. Neema akashangaa, kisha akatabasamu.

"Kanipa huyu, bibi."

"Ulijua ni ya nini wakati unaipokea?"

"Nilijua. Nikamwambia kabisa, nikibadilisha mawazo nakurudishia na mafuta nimejaza. Na kadi iko kwa jina langu."

"Na umebadilisha?"

"Sijabadilisha, bibi. Namtaka."

Wanaume wa upande ule wakapiga makofi, kijana akainamisha kichwa kwa haya, mtu wa kipaza sauti akapata la kusema. Hata dakika mbili hazikufika. Hakuna aliyenipiga, hakuna aliyenifukuza, na mshenga wao akaniambia, "Shikamoo bibi, umeuliza vizuri." Nikamjibu marahaba, nikatoka.

Kabula alikuwa amesimama mlangoni, ameona yote. Nilidhani atanishika mkono. Alinitazama kuanzia kichwani, akashuka polepole hadi miguuni, hadi ndala zangu, akakaa hapo kwa muda.

"Kumbe ilikuwa rahisi hivyo," akasema, akarudi kwenye benchi.